Twiga Niliyemfuta

Siku moja naikumbuka vizuri sana, mwanangu, siku niliyokaribia kumwaibisha baba yangu mbele ya wenzake. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Komarock, miaka ya tisini. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago, na kikundi chao kilikuwa na kompyuta moja kuukuu. Saa tisa mchana mnunuzi mkubwa angekuja kutazama picha za kazi zao kwenye hiyo kompyuta. Akipendezwa, wote wangekuwa na kazi mwaka mzima. Programu ya kuonyesha picha niliiandika mimi, na wee, nilivyojigamba!

Nilikuwa nimeijaza plagini, yaani vijiprogramu vya kuongezea: cha kukuza picha, cha kubadilisha rangi, cha kuchapisha, hata cha twiga wa kutembea kwenye skrini. Kule ofisini nilikofanya kazi, ambako niliijaribu, kompyuta ilikuwa na memori ya kutosha. Hii ya wazee ilifungua programu nusu, ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda tena. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wazee wakaanza kutazama saa, nami nikatamani ardhi inimeze.

"Imebeba nini hiyo?" baba akauliza. Nikamweleza kwamba plagini zote huingia kwenye memori mara tu programu inapofunguka.

"Zote? Kabla mtu hajaziomba?" Akasonya. Baba hakuwa mtu wa kubembeleza. "Mumbua, mimi nina patasi kumi na mbili. Umewahi kuniona nimezishika zote? Zingine zinakaa kwenye mfuko mpaka nizihitaji. Na huyo twiga, nani alikuomba?"

Iliniuma, maana alisema kweli. Nikaketi, nikaandika upya: programu ifunguke peke yake, kila plagini ingoje kuitwa, na ikimaliza kazi itoke kwenye memori. Twiga nikamfuta kabisa, kwa uchungu, usicheke. Saa nane na nusu ikafunguka. Mnunuzi alipokuja, picha zilipita moja baada ya nyingine, akaagiza, na baba akajifanya anapangusa miwani.

Sasa jana umenionyesha programu yako. Ni nzuri, lakini laptop yako ilikuwa inahema. Ijaribu kwenye kompyuta dhaifu ya mtu atakayeitumia. Kila plagini iulize inafanya nini pale, na isiyo na jibu itoke. Utafaulu, sina shaka; mimi nilikuwa mkaidi kukushinda. Mungu akubariki, akupe watu wa kukuambia ukweli saa nne asubuhi, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.