Siku Nne Bila Jua

Ofisini walimwita Siku Nne, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa fundi wa umeme katika kampuni ndogo ya intaneti, moja ya zile zinazosimamisha milingoti juu ya vilima na kurusha mtandao kutoka kilima hadi kilima, mpaka ufike kwa watu ambao waya wa umeme haujawahi kuwapitia hata kwa bahati mbaya. Kazi yake ilikuwa kuamua mitambo ya kule juu itakula nini siku jua likigoma. Jibu lake halikubadilika: panga siku nne bila jua. Ukipanga mbili unajidanganya, ukipanga tatu unamwachia Mungu kazi yako.

Alikuwa mbishi, tuseme ukweli. Ukimtajia jenereta, atakuuliza nani atapanda kilima kwenda kuiwasha, na mafuta yatakaa siku ngapi kabla hayajaota miguu. Ukimwonyesha betri za asidi, zile nzito kama za lori, atakwambia usisome kilichoandikwa ubavuni, maana betri hiyo ukiikamua mpaka tone la mwisho umeiua. Hesabu nusu. Na ikiwa imezeeka? Nusu ya nusu, anasema, na hapo umeionea huruma. Wenzake waliiga sauti yake wakati wa chai, naye alicheka nao.

Mtu mmoja tu hakubishana naye, mama yake. Mama aliishi na binti yake, mdogo wake fundi, bondeni nyuma ya vilima, mahali ambapo simu za kawaida hazishiki hata upande juu ya paa. Kilichowaunganisha na dunia ni mlingoti mmoja kilimani, juu ya nyumba yao, na mlingoti huo aliusimamisha mwana mwenyewe. Kila siku saa kumi alasiri mama alimpigia simu ya picha. Aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, kisha akaisogelea mno, kwa hiyo miaka yote hiyo fundi aliongea na paji la uso. Akimwambia, "Mama, rudi nyuma kidogo nikuone," mama anarudi nyuma sana, yanabaki mabati matupu. Hawakuwa na jambo kubwa la kusema. Amekula? Amekula. Mguu je? Mguu ni mzee kama mwenyewe. Haya, kesho. Fundi asingeibadilisha dakika hiyo kwa kitu chochote.

Sasa, mwaka ule zikaja betri nne mpya za lithiamu, nyepesi, zisizokufa ovyo. Vilima vyenye shida vilikuwa viwili: cha zahanati, na cha kwa mama. Betri nne zilitosha kilima kimoja siku nne kamili, au vyote viwili siku mbilimbili. Fundi akiwa stoo anazikagua, mtunza stoo akamtania mbele ya watu kwamba leo damu ni nzito kuliko maji, mama atazila zote nne na wagonjwa watawasha mishumaa. Watu wakacheka. Ulikuwa utani tu, na mtunza stoo hana ubaya na mtu. Lakini ulimchoma fundi kama mwiba, kwa sababu asubuhi ile, njiani, alikuwa amewaza hivyohivyo.

Akafanya anavyofanya mtu aliyeona haya. Nne zote akazipeleka zahanati, na hapo hakuna wa kumlaumu. Zile kuukuu za asidi zilizong'olewa zahanati akazipandisha kwa mama. Kwenye fomu kuna mstari unaouliza siku bila jua. Basi yeye, yeye yule, akasoma kilichoandikwa ubavuni mwa betri, akapiga hesabu yake, akaandika nne. Moyoni alijua ni moja na nusu, zikijitahidi.

Mkuu wa ofisi alikuwa mama mtulivu anayesoma fomu mpaka sahihi ya chini. Alimwita. Fungu la kununulia betri nyingine lilikuwepo, alisema, fundi aseme tu.

"Fundi, hizi kuukuu za kwenu zinatosha kweli?"

"Zinatosha."

"Mama yako asije akaniuliza mimi."

"Zinatosha, bosi."

Neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa mdomoni, akalimeza. Aliogopa maneno ya stoo, aliogopa kuonekana anaombea kwao. Kinyozi hajinyoi, jamani. Alijiambia ataagiza nyingine kimyakimya mwezi ujao, mambo yakishapoa. Kikaja kiangazi, jua likawaka miezi mitano mfululizo, mama akapiga kila saa kumi, na jambo lenyewe likamtoka akilini.

Mawingu yaliingia Jumatatu. Jumanne asubuhi, kwenye kioo cha kompyuta kinachoonyesha vilima vyote, kidoti cha kwa mama kikawa chekundu. Mtu mwingine angeshtuka mzazi wake akipotea hewani. Yeye hakushtuka, na hili ndilo linalomtafuna mpaka leo. Alijua sababu. Alijua kwa hesabu kabisa, karibu na saa yenyewe. Mwenzake alipomwuliza kulikoni kwa bimkubwa, akajibu ni mawingu tu, kesho jua litatoka. Saa kumi ikapita bila simu. Jumatano pia. Ukimya ule ulikuwa na maelezo yake, na mtu akishapata maelezo huacha kuuliza. Alhamisi, mawingu yakiwa palepale, akaenda kwa mkuu, akasema huku anaangalia sakafu kwamba zile betri zimechoka. Mkuu akasaini nne mpya zitolewe stoo. Hakumwuliza swali, na fundi alitamani angemwuliza.

Ijumaa wakaondoka na dereva. Karibu na bonde walipishana na gari la wagonjwa linarudi polepole, tupu, bila king'ora. Dereva akalipisha, wakapungiana mikono. Pale njia inapogawanyika, huku nyumbani, huku kilimani, dereva alishauri waanze kwa mama wanywe chai. Fundi akakataa. Alikuwa amejipangia. Atapanda kwanza, afunge betri, kisha saa kumi ampigie yeye mama kutoka juu kule, na kwa mara ya kwanza mama ndiye aone paji la uso. Alicheka peke yake akiwaza hayo, betri begani.

Wakazifunga. Ilikuwa saa kumi kasoro kidogo. Taa za mtambo zikawaka moja baada ya nyingine, na simu yake ikakamata mtandao. Akatafuta jina la mama. Hajabonyeza, meseji zikaanza kuingia, za siku zote nne, zilizokuwa zimekwama kwenye simu ya mdogo wake kule chini zikisubiri umeme.

Jumanne: Kaka, mama kaanguka uani. Jumanne tena: Kaka, simu haitoki, wala zahanati haishiki. Jumatano: Hali si nzuri, jirani ameondoka kwa miguu kufuata gari la wagonjwa. Jumatano: Mama anakuulizia. Kisha ujumbe wa sauti wa Alhamisi. Kisha wa leo alfajiri: Kaka, mama ametuacha.

Akatazama chini. Uani kwao watu walikuwa wengi, na viti vimetolewa nje. Vilikuwa vinaonekana muda wote huo, ila alikuwa ameinamia nyaya.

Akafungua ule wa sauti. Alikuwa mama, anapumua kwa shida.

"Baba, usiendeshe gari kwa fujo. Hapa wanasema mnara wako umekufa, nimewaambia wanyamaze. Mwanangu huhesabu siku nne. Leo ni ya tatu tangu uzimike. Mimi nakusubiri."

Akalia palepale chini ya mlingoti, mtu mzima, kwa sauti, na dereva hakujua amshike wapi. Muuguzi wa zahanati alikuja kumwambia baadaye, bila nia mbaya, kwamba mtandao wao wiki ile haukukatika hata dakika moja, na gari lilikuwa limesimama mlangoni tangu Jumatatu. Wangepiga tu.

Aliposhuka, mdogo wake alimpokea mlangoni, macho yamevimba. Akasema, "Afadhali umeuwasha, kaka. Tulishindwa hata kuwaambia ndugu wa mbali."

"Niliulizwa kama zinatosha," fundi akamwambia. "Nikasema zinatosha."

Dada hakuelewa, ikabidi amweleze yote: stoo, utani, fomu, mkuu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana wala hakumfariji. Alisema tu kwamba mama hakumruhusu mtu yeyote auseme vibaya mnara ule, kisha akamwonyesha simu, bado imeegemea kopo la sukari, na kumwambia kuwapigia ndugu ni kazi ya mkubwa.

Akakaa kwenye kigoda cha mama. Kazi ya kwanza ya betri zile ikawa kutangaza msiba. Wa kwanza kupokea alikuwa shangazi yao, mbali huko, na kabla fundi hajapata neno la kuanzia, shangazi akamwambia arudi nyuma kidogo, maana anaona paji la uso tu.