Jua Kwenye Picha za Mwenzangu

Nikiwa mwaka wa pili chuoni Tukuyu, zipu ya sketi yangu ya sare iligoma kupanda. Nilikuwa nasomea uuguzi, na sababu niliijua vizuri: kibanda cha chipsi mayai nje ya geti, na baridi ya huku inayomfanya mtu asikie njaa hata akiwa ndiyo kwanza ametoka mezani. Mwenzangu wa chumba, aliyelala kitanda cha juu yangu, alikuwa mnene kunizidi. Kwao ni Isongole, kwa wakulima wa viazi. Alikuwa mpole, mwenye kicheko cha taratibu, na kila Jumamosi alinisuka nywele bila kuombwa. Nilimpenda kama dada yangu wa tumbo moja.

Mwalimu wetu wa lishe, mama wa makamo tuliyemwita Madam, alituita wanafunzi wanane ofisini kwake, tukajua mara moja kwa nini ni sisi.

"Mkimaliza hapa mtakuwa mnawashauri wagonjwa wa presha na sukari wapunguze uzito," alisema. "Nao watakuwa wanawatazama. Tujaribu sisi kwanza, polepole, na asiwepo mtu wa kushinda na njaa."

Akafungua kundi la wasapu. Mchana kila mtu alituma picha ya sahani yake, jioni picha ya njia aliyotembea. Uzito tulipima kwa Madam kila Jumatatu, mmoja mmoja, na namba haikutajwa kwenye kundi.

Nililipenda kundi lile kuliko nilivyotarajia. Mwanaume wetu pekee alituma picha ya mlima wa wali wenye jani moja la mchicha pembeni, na Madam akamjibu, "Huo mchicha umepotea njia, au umekuja kusalimia?" Hata aliyekuwa na huzuni siku ile alicheka.

Mimi nilitembea na wenzangu wawili baada ya vipindi. Mwenzangu wa chumba alisema tunakwenda mbio mno, atatoka mwenyewe baadaye. Na picha zake zilikuwa nzuri kupita zote: migomba, vilima, njia nyembamba inayopotelea kwenye mahindi. Madam alimtumia maua. Mimi nilituma viatu vyenye tope, na sikuona ua hata moja. Nikaanza kumwonea wivu, ingawa wakati ule nisingekiri.

Ikaja wiki ya mvua, ile mvua yetu isiyojua kukatika. Siku ya nne jioni alituma picha ya barabara kavu, kivuli cha mti kimelala vizuri chini. Bila kufikiri mara mbili nikaandika mbele ya wote, "Mwenzetu, hilo jua umelipata wapi? Sisi huku siku ya nne hatujakauka."

Vicheko vikajaa kwenye simu. Kisha ukaja mstari mmoja mdogo unaosema ameondoka kwenye kundi.

Nilipoingia chumbani alikuwa amegeukia ukutani. Nikamwita, akavuta blanketi hadi kichwani. Siku mbili tuliishi hivyo, tukipishana mlangoni kama wageni. Siku ya tatu nilichemsha chai ya maziwa, nikapanda ngazi ya kitanda na kikombe mkononi.

"Nisamehe," nikamwambia.

Alikipokea kikombe, akainuka kukaa. "Siku ya kwanza nilitoka," alisema. "Pale kijiweni kwa bodaboda, mmoja akasema mimi wa kupakiwa kwenye pikipiki mbili. Wakacheka wote. Kesho yake nikapita njia nyingine, nikasikia mtu anacheka tu, pengine hata hakuwa ananicheka mimi. Nikarudi. Zile picha ni za nyumbani, nilizipiga wakati wa likizo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapungua, una furaha. Ningekuambia nini?" Akanitazama. "Halafu na wewe ukanicheka."

Nilimuuliza kama ataniruhusu niseme neno kwenye kundi, akasema nisiwataje wale wa bodaboda. Nikatuma sauti kuwa kosa ni langu, kwamba nilimwonea wivu na nikamwaibisha mtu aliyenitendea mema tu.

Kesho yake, vipindi vilipoisha, Madam alikuja bwenini na buti za mvua na mwavuli. Hakuuliza lolote. "Nani ananionyesha njia ya kwenye mashamba ya chai?" alisema.

Tulitoka watatu, Madam, mwenzangu na mimi, kwa njia ya nyuma, ambako hakuna kijiwe. Kwenye chai tulikutana na mama mzee akirudi kutoka kuchuma, kikapu mgongoni.

"Ndaga, wanangu," akatusalimu kwa Kinyakyusa. "Mnakwenda wapi na mvua hii?"

"Tunatembea tu, mama," nikamjibu.

"Mnatembea tu?" Akalifikiria jambo lile. "Basi nishikieni kikapu."

Mwenzangu alikichukua kabla sijanyoosha mkono. Aliyelelewa akibeba viazi hafundishwi kupanda kilima. Alitangulia na yule mama wakipiga stori, wakati mimi na Madam tulisimama mara mbili kutafuta pumzi. Madam akampiga mwenzangu picha kwa nyuma, kikapu mgongoni na mvua ikimshukia, akamwomba ruhusa ya kuituma. Jioni ile mwenzangu alirudi kwenye kundi.

Mwisho wa mwaka alikuwa amepungua kilo sita. Mimi nilipungua tisa, na nne zimesharudi kwangu bila kuitwa.

Siku hizi yeye ni muuguzi wa zahanati huko Lufingo, na amewafungulia kundi akina mama wenye presha. Aliniingiza nimsaidie kujibu maswali ya chakula. Wengi wao hawapendi kuandika, kwa hiyo wanatuma sauti wakiwa njiani. Wiki iliyopita mama mmoja alituma dakika nzima ya kuhema, hakuna neno hata moja, kumbe anapanda mlima kuelekea kwake. Nilikuwa bado natafuta la kumwambia, mwenzangu akawa ameshamjibu:

"Nimekusikia, mama. Kaa kidogo, kisha uendelee. Nakusubiri hapa hapa."