Breki Nilizofunga Mwenyewe

Msinicheke kabla sijamaliza. Wiki tatu nilishinda uani kwangu, Kanamkemer, nikifungua gari la zamani la marehemu baba. Springi, usukani, breki, vyote nilifunga mwenyewe, na mafundi wa mjini niliwadharau waziwazi.

Mama mkwe alipofika kutoka Lokori, nilitaka akubali nimpeleke Kakuma kwa gari hilo. Mbele ya majirani nikalisimamisha kwenye mwinuko, nikavuta breki ya mkono, nikashuka. Halikusogea hata kidogo.

“Mama, umeziona breki hizo?” nikajigamba.

“Nimeona, baba,” akajibu, akaenda kuwasha moto wa chai. Mafiga yalikuwa mawili tu, kwa hiyo akarudi kutafuta jiwe la tatu.

Mimi bado nawahubiria majirani, mara nikaona hakuna anayenitazama. Gari lilikuwa linarudi nyuma taratibu, likaenda kutulia ndani ya boma la miiba la jirani.

Hapo ndipo nikakumbuka. Niliposhuka, mguu wangu ulikuwa umesukuma jiwe chini ya tairi, kwa mazoea ya miaka mingi.

Mama mkwe alikuwa amelikumbatia jiwe hilo.

“Pole, baba,” akasema kwa upole. “Sikujua hii ndiyo breki.”