Chumba cha Kuni

Mwezi uliopita nilikwenda Bagamoyo kwenye msiba wa shangazi, nikapita mtaa wetu wa zamani. Nyumba ya bibi imebaki ukuta mmoja, umeota mti juu yake. Nikasimama ng'ambo ya barabara, mtu mzima mwenye wajukuu, nikashindwa kuvuka.

Ilikuwa nyumba ya mawe ya ghorofa moja. Wazee walisema aliijenga mfanyabiashara wa pembe za ndovu, baadaye ikawa duka la Mhindi, mwisho babu akainunua, akaijaza watoto. Sisi tuliishi juu, katika harufu ya vitumbua na chokaa iliyolowa. Chini kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, tulimoweka kuni. Pete za chuma zilikuwa bado ukutani. Bibi alisema waliolala humo zamani hawakulala kwa hiari yao, kwa hiyo hatukuingia bila kutoa salamu. Mimi niliitoa mbiombio, nikanyakua kuni, nikatoka bila kugeuka.

Masika moja, mchana, bibi akanituma kuni. Nilikuwa na miaka tisa. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na mbao za mlango zilikuwa zimevimba. Ukajifunga nyuma yangu, ukagoma. Nikausukuma kwa bega, wapi. Kisha nikasikia boriti za juu zinalia, na mchanga ukaanza kunidondokea kichwani. Nililia mpaka sauti ikakauka. Niliamini wenye chumba wamenitaka.

Bibi akashuka. Akalala kifudifudi kwenye matope, akapenyeza vidole kwenye mwanya chini ya mlango.

"Nishike, mjukuu wangu," akaniambia. "Hao hawatakudhuru. Na wao walikuwa watoto wa watu."

Nikavishika. Vilikuwa vinatetemeka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sikuwahi kumwona bibi akiogopa kitu.

Jirani wa kwanza kusikia kilio alikuwa mshona kofia. Alikuja na shoka, na mtaa mzima nyuma yake, wanawake na kanga zimelowa. Akaupasua mlango, wakanivuta kwa mikono. Hatujavuka ua, dari ikashuka yote. Vumbi likatujaa vinywani.

Siku hiyohiyo tulihamia kwa mshona kofia. Tulikaa kwake hadi mfungo ukaisha, wala hakuna aliyetuuliza tutaondoka lini. Bibi hakuingia tena ndani ya nyumba ile. Alifia Zinga, kwa mjomba.

Sasa ninaishi Mapinga, nyumba mpya, ukuta mrefu, geti la chuma. Jirani yangu ninamjua kwa mlio wa gari lake tu. Kuna siku mvua inanikuta peke yangu ndani, hofu inanishika kuliko ile ya utotoni. Kule niliita, wakaja.