Kila Kanuni na Majina Yake

Naikumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, katika hospitali ndogo huko Muleba, wakati mtoto aliyekuwa amepata nafuu alipoanza tena kuchemka kwa homa. Aliitwa Kemi. Mama yake, mkulima wa Rubafu, alikuwa amekuja kwenye msiba wa ndugu, mtoto akashikwa na nimonia hukohuko ugenini.

Mimi nilikuwa binti mbichi kutoka chuoni. Nilifanya kazi katika chumba cha kompyuta pamoja na kijana mwenzangu, Deo. Mkubwa wetu alikuwa Mwalimu Rwegasira wa Kamachumu, mzee aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, kisha akajifunza kuandika programu katika umri ambao wenzake walikuwa wameshatulia nyumbani na lubisi yao, pombe ya ndizi.

Programu yetu iliwaonyesha wauguzi kiasi cha dawa na saa za kuitoa. Kila wodi ilikuwa na kanuni yake: mistari michache iliyohifadhiwa kando, ili madaktari wakibadili utaratibu tusilazimike kuifumua programu nzima. Muuguzi akiingiza jina la mgonjwa, programu iliisoma kanuni ya wodi ile papo hapo na kuiendesha. Kanuni ya watoto wachanga niliiandika mimi. Ya watoto wakubwa, wodi aliyolazwa Kemi, aliiandika Deo.

Basi asubuhi ile muuguzi wa zamu alikuja kwetu uso umemwiva. Sindano ya Kemi ilitakiwa kila baada ya saa nane, lakini programu ilikuwa imeandika kumi na mbili, na mtoto akapitwa na dawa. Daktari alikuwa ameshaiona hitilafu na kumchoma sindano, ila homa ilikuwa imepanda.

Deo akasema mbele ya muuguzi kwamba kanuni yake ameijaribu mara nyingi na haijawahi kukosea. Mwenye kutumia saa kumi na mbili, akasema, ni Koku, yaani mimi. Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Niliifungua kanuni yangu. Ni kweli ilisema muda ni saa kumi na mbili, na kwa wachanga wale ndivyo ilivyotakiwa.

Mwalimu alimwomba muuguzi kwanza wodi zote zirudi kwenye karatasi. Kisha akaketi, akaendesha kanuni ya Deo peke yake. Saa nane. Akaendesha yangu, halafu ya Deo. Saa kumi na mbili. Akavua miwani, akatuita tuangalie.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Programu ilipowaka iliweka jina moja, *muda*, na kulipatia thamani ya saa nane. Kanuni ya Deo ililisoma jina hilo tu, haikulibadilisha. Yangu ililiandika upya. Kwa kuwa kanuni zote ziliendeshwa ndani ya majina yaleyale ya programu, nilichoandika kwa ajili ya mtoto mchanga kilibaki pale, kikamsubiri Kemi. Mchanga asipotangulia, kila kitu kilikuwa sawa. Ndiyo maana majaribio ya Deo hayakuona kitu.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikasema nitalibadilisha jina hilo katika kanuni yangu, niliite muda wa wachanga, yaishe.

Hapo ndipo Mwalimu aliponigeukia. "Koku, kesho wodi ya wazazi italeta kanuni yake. Na mwenye kuiandika ataota kwamba jina fulani mmeshalitumia? Hata vibanja vyetu vya migomba tumevipandia miti ya milamula mipakani, kila mtu ajue pake, ingawa majirani ni ndugu."

Nikainamisha kichwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilitaka kuupaka ufa chokaa.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, muuguzi akisikia: "Sehemu inayoziendesha kanuni hizi niliiandika mimi. Kosa si la binti huyu wala la Deo. Ni langu."

Akainuka kwenda wodini, sisi nyuma yake. Alimwamkia mama Kemi kwa Kihaya, akampa neno la heshima, *waitu*, kama anayezungumza na mkubwa wake, ingawa kwa umri yeye angeweza kuwa baba yake. Akamweleza yote bila kujificha nyuma ya kompyuta. Mama yule alisikiliza huku akimpangusa mtoto kwa kitambaa. Hakumlaumu, hakumshukuru. Aliuliza tu, "Na watoto wa wenzangu?"

"Tumeisimamisha," Mwalimu akamjibu. "Haitarudi mpaka iwe salama."

Tuliirekebisha hivi: kila kanuni ilipoitwa ilipewa mahali pake papya pa kuweka majina, pasipo na kitu ila nakala ya vile inavyohitaji, kama uzito, umri na muda wa kawaida. Ikimaliza, programu ilichukua jibu lililotakiwa tu, na mengine yote yakatupwa. Tukaziendesha kanuni kwa kupishanisha mpangilio, na majibu hayakuyumba. Kemi alipona, wakarudi Rubafu. Deo alikuja kuniomba radhi mwenyewe, bila kutumwa.

Mwanangu unayejifunza kazi hii, shika haya. Ukiendesha maandishi ya mtu mwingine ndani ya programu yako, usiyaache yashike majina yako. Yape nakala, usiyape kitu chenyewe, maana orodha iliyokabidhiwa bila kunakiliwa hubadilishwa hukohuko ilikokwenda. Wala usidhani umemzuia mwovu. Kutenga majina humlinda jirani dhidi ya jirani, lakini mwizi anataka ulinzi mwingine. Na siku hitilafu itakapotokea, kwa sababu itatokea, tafuta chanzo kabla ya kutafuta mtu. Kikionekana ni chako, kiseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kingekuwa cha mtoto wa mwenzio.

Ruhanga, Mungu Muumba, aliyekupa akili akupe na utulivu wa kuitumia. Kazi ya mikono yako isimdhuru usiyemjua, na waliolala wodini waamke.