Niliomba Timu ya Binti Yangu Ifungwe

Admin, shalom. Naomba ufiche jina langu na namba yangu, maana huko kwetu Taita watu wa kanisani wanausoma ukurasa huu. Mimi ni baba wa miaka arobaini na tisa. Niliishia darasa la nane, kwa hiyo mnivumilie nikikosea kuandika. Niko Doha mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni ulinzi, na nyumbani nimeacha mke na watoto watatu. Kisa hiki ni cha binti yetu wa kwanza, aliye chuo cha ualimu. Miezi saba hajaongea na mimi. Nikipiga simu namsikia kwa mbali akimwambia mama yake, "Mwambie nimelala," na huko ni saa kumi jioni.

Kampuni ilinipeleka kulinda uwanja wa mpira wa chuo kimoja hapa. Mlinzi wa uwanjani haruhusiwi kuangalia mechi. Unawapa wachezaji mgongo, macho kwa watu walioketi, mpaka filimbi ya mwisho. Kwa hiyo timu ile niliipenda bila kuiona ikicheza. Nilikuwa naisoma kwenye nyuso za watu, hasa mzee mmoja Mwarabu, baba yake golikipa, ambaye hakukosa mechi hata moja. Alikuja na tasbihi. Vijana wetu wakishambulia, shanga zinakimbia. Hatari ikifika langoni kwa mwanawe, zinasimama. Mchezo wote niliujua kwa vidole vyake.

Na yule golikipa alikuwa na adabu. Kila akipita getini ananiita "sadiki", yaani rafiki, na siku za jua kali ananiachia chupa ya maji. Ndugu zangu, huku mtu anaweza kumaliza wiki nzima asiitwe kitu chochote. Nikaanza kuwaombea, kwa namba zao za mgongoni, kwa sababu majina sikuyajua. Chumbani kwetu Industrial Area, mtaa wa wafanyakazi wageni hapa Doha, tunalala sita. Mganda mmoja wa kitanda cha juu alinisikia akacheka. "Mzee, unamwombea namba tisa? Mungu atamjuaje?"

"Anamjua," nikamwambia.

"Haya, na mimi niombee basi. Kitanda cha juu, karibu na dirisha."

Fainali walicheza na chuo kinachojulikana kwa mpira. Mapema tu nikaona watu wetu wameshika vichwa, nikajua tumefungwa. Baadaye filimbi ikalia, watu wote wakasimama kulalamika, na namba nne akapita karibu nami akivua jezi. Kadi nyekundu. Wakabaki kumi, na wakiwa kumi hivyo hivyo wakasawazisha. Mzee yule alinyanyuka akamkumbatia mtu asiyemjua. Dakika za nyongeza, shanga hazikusogea. Nilisikia viatu nyuma yangu, pumzi za vijana waliochoka, sauti ya golikipa akiwapanga. Mara upande wa pili wa uwanja ukalipuka kwa kelele, na upande wetu ukawa kimya. Mzee akatia tasbihi mfukoni.

Filimbi ya mwisho ilipolia akashuka ngazi kuja kwangu. Hakuna anayeruhusiwa kuingia uwanjani, nikainua mkono. Akasema neno moja tu, "Waladi," mwanangu. Nikampisha. Halafu nikageuka, mara yangu ya kwanza. Golikipa amelala kifudifudi golini. Baba yake akaketi kwenye nyasi na kanzu yake nyeupe, akamwekea mkono mgongoni. Walikaa hivyo mpaka wenzake wote wakaondoka.

Hapo nikalia, na sikuwa nalilia timu.

Binti yangu naye alikuwa mchezaji wa mpira wa chuo chao, namba kumi. Mimi sikutaka. Nilichukia ile kaptula niliyoiona kwenye picha, na wanaume waliosimama pembeni, na mimi ni mzee wa kanisa huko nyumbani, watu walikuwa wanasema. Miezi saba iliyopita, walipoingia fainali, nilipiga magoti nikaomba wafungwe, nikidhani atachoka na kuacha. Alinipigia mimi kwanza, kabla ya mama yake. "Baba, tumefungwa. Tulikaza mpaka miguu ikaisha, wakatufunga dakika ya mwisho. Ni mimi nilipoteza mpira."

Nikamwambia, "Hilo ni jibu la maombi yangu."

Akauliza taratibu, "Uliomba tufungwe?" Nikasema ndiyo, kwa faida yako. Wiki iliyofuata nikamwandikia mkuu wa chuo kwamba mimi kama mzazi sikubali acheze. Wakamtoa kwenye timu.

Mama yake ananiambia siku hizi hata kukimbia asubuhi ameacha. Baada ya ile fainali ya hapa nilimwambia nitaandika barua nyingine, kuomba arudishwe. Binti alipoambiwa akajibu, "Mwambie Baba asiandike tena kitu kuhusu mimi." Barua nimeshaandika, ina wiki tatu ndani ya Biblia yangu. Mashindano ya vyuo yanaanza mwezi ujao, na huu ndio mwaka wake wa mwisho. Nikiituma, nimemwamulia tena bila yeye. Nisipoituma, atamaliza chuo akiwa amekaa nje kwa maneno yangu. Na maombi yenyewe yamekuwa mazito. Nikipiga magoti najikuta naanza na namba moja, yule golikipa. Namba kumi naogopa kuitaja.

Wazazi wenzangu nitawasikiliza, lakini hasa nawauliza ninyi mabinti. Angekuwa ni baba yako, ungetaka aitume ile barua, au anyamaze kama ulivyomwambia? Niandikieni hata kama ni kunigombeza. Nitasoma yote nikitoka zamu.