Karai Moja kwa Maksai Wawili

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilimshuku mke mwenzangu hata alipokohoa. Mume wetu alikuwa amempa kila mmoja wetu maksai wa kunenepesha, nyumbani kwetu karibu na Pap Onditi. Wangu alikuwa chotara wa Friesian, mrefu, bado anakua. Wake alikuwa zebu wa kienyeji, mfupi, mtulivu. Wangu akipata mwili, mchinjaji wa Kisumu angemnunua na binti yangu angeingia kidato cha kwanza. Sikuwa na njia nyingine.

Kwetu nyumba mbili hugawiwa sawasawa, na sheria hiyo tuliipeleka hadi zizini. Karai moja la pumba za mpunga na mashudu ya pamba kwa wangu, karai moja kwa wake, molasi kikombe kwa kikombe. Aliyezidisha alikuwa anatafuta vita.

Basi kwa nini wake aling'aa manyoya, na wangu mbavu zikawa za kuhesabika? Jibu nilikuwa nalo. Mwanamke yule alikuwa mwizi, tena mwizi wa kutabasamu. Nikaanza kulifunga gunia la pumba kwa fundo langu mwenyewe. Fundo halikuguswa, shaka yangu ikazidi. Alfajiri moja nikamwona akitoka kwenye hori la ng'ombe wangu, karai tupu mkononi. Damu ilinipanda. Sikumuuliza kitu, nilikwenda moja kwa moja kwa mume wetu.

"Mzee, leo nimemshika."

Akamkataza kukanyaga upande wangu wa zizi. Nilifurahi, nakiri.

Wiki tatu baadaye maksai wangu alikuwa amekonda zaidi. Bwana mifugo alipokuja kuchanja, alimzungushia utepe wa kupimia kifuani, akaguna.

"Mama, hii ng'ombe mwili yake ni kubwa na bado inakua. Karai moja inatosha ile ndogo, hii inataka mbili. Lakini mwezi uliopita haikuwa mbaya hivi. Nani alikuwa anaiongezea?"

Nikavuka ua. Mwenzangu alikuwa anachagua omena, hakuinua macho.

"Yangu ilikuwa inashiba, inabakisha," alisema. "Nikawa napelekea yako. Ningekuambia iko na njaa, ungesema nakucheka. Sasa, nyieka, mke mwenzangu, mwizi atarudi namna gani?"

Jioni ile nikampimia wangu makarai mawili, lakini muda ulikuwa umekwisha. Mchinjaji alimchukua maksai wa mwenzangu, wangu akamwacha. Shule zilifunguliwa binti yangu akiwa zizini, anamkatia maksai nyasi, nami sikuweza kumtazama mwanangu usoni.